Kodi kwa Kipimo cha Mfuko wa Nani?

Kinkondja umekaa kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba nchini Kongo, mahali ambapo Mto Lualaba unatawanyika na kuwa maziwa na mafunjo. Wavuvi wake hutoka kwa mitumbwi kwenda kambini, na wengine hukaa huko mpaka samaki wakauke. Kibaha nje ya Dar es Salaam, na Kitengela na Ruiru nje ya Nairobi, nako watu hulala hapo na kutafuta riziki pengine. Miji hii haifanani kwa ukubwa wala kwa fedha: sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu karibu watu 490,000 Ruiru peke yake. Hata hivyo swali la kila mgeni anayefika na mzigo wake ni lile lile: nitalala wapi, na nitamlipa nani, lini?

Katika nchi ya Waluba, wenyeji wa bonde hili, mgeni huanza kwa mtu. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba, alipokelewa na Juma Merikani, mfanyabiashara kutoka pwani, na kupitia kwake akapata pa kukaa. Katika safari hiyo aliona nyumba za nguzo juu ya maji ya Ziwa Mohrya, akasimuliwa pia habari za watu wa Kisale waliokaa juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Ardhi kavu ndiyo adimu katika bonde hili, na watu wameing'ang'ania kwa muda mrefu: makaburi ya Sanga, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, yanaonyesha kwamba kando ya Kisale watu wameishi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mahali pa namna hiyo, ruhusa ya kujenga ni jambo la kuaminiana kabla ya kuwa jambo la bei. Mgeni hupelekwa na mwenyeji wake kwa chifu, akatoa zawadi, akaonyeshwa kiwanja. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa ya dola na kuahidi amri maalumu kuhusu ardhi za kimila. Amri hiyo haikutoka, na kwa hiyo neno la chifu linaendelea kufanya kazi ambayo karatasi haikuifanya.

Ukifuata samaki wa Kisale, unapanda Lualaba hadi Bukama, ambako reli kutoka Lubumbashi ilifika mwaka 1918, na mwisho wa safari, Lubumbashi, unakuta desturi nyingine kabisa. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière iliwajengea wafanyakazi wake makambi, na nyumba ilikuja pamoja na kazi. Faida yake ilikuwa kubwa: mchimbaji hakuhangaika na kodi. Hasara yake ilikuwa kubwa vilevile, maana aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara na paa siku moja. Reli ya Kenya iliwapangisha watu wake Muthurwa, Nairobi, kwa fikra hiyo hiyo. Makambi ya namna hii yalimfanya mwajiri kuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kuwa mwajiri, na sioni sababu ya kuyatamani tena hata kama kuta zake zilikuwa imara.

Leo mpangaji wa Lubumbashi hukutana na garanti. Kabla ya kupewa ufunguo anaweka kodi ya miezi kadhaa, nayo inabaki kwa mwenye nyumba mpaka atakapohama. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa makazi iliweka kikomo cha miezi mitatu, lakini Kinshasa bado watu huombwa hata miezi kumi. Ukitazama juu juu, huo ni uroho mtupu. Ukitazama kwa makini, unaona kwamba pesa hiyo ni mkopo: mwenye nyumba, ambaye mara nyingi analala katika uwanja huo huo, huitumia kumalizia chumba cha pili au kununua mabati, kwa kuwa benki haimkopeshi. Ndiyo maana siku ya kuhama pesa hiyo haipo. Wapangaji wengi wanalijua hilo, hivyo miezi ya mwisho hawalipi, wanaila garanti yao taratibu. Korea Kusini ina desturi iitwayo jeonse, inayokaribiana na hii: mpangaji anakabidhi fungu kubwa sana mwanzoni, halipi kodi ya mwezi, na mkataba ukiisha anarudishiwa fungu lote. Tofauti ni kwamba Lubumbashi mpangaji anaweka fungu na kodi ya mwezi inaendelea.

Dar es Salaam na vitongoji vyake hawaweki, wanalipa mbele. Kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima hutolewa mara moja, na dalali huchukua yake ya mwezi mmoja. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani wa kupikia na kufulia, mwenye nyumba mara nyingi ndiye jirani wa mlango wa mbele. Mama mwenye nyumba anajua nani anaumwa na nani kajifungua. Ukishalipa mwaka, mwaka huo ni wako, hata biashara ikidorora mwezi wa tatu. Kitengela ni kinyume: unalipa mwezi wa kwanza na dipoziti, basi, unaingia. Mwenye nyumba humjui. Unamjua keyateka, msimamizi wa nyumba, na unajua kwamba tarehe 5 ikipita anaweza kuja na kufuli. Kuingia Kitengela ni rahisi na kubaki ni kwa mashaka. Kibaha kuingia ni mlima, na aliyeingia anapumua.

Hapo ndipo ninapoona kitu ambacho ulinganishi wa bei hauonyeshi. Kila desturi ilishonwa kwa kipimo cha mapato ya watu fulani. Muuza samaki wa Kinkondja, anayepata pesa nyingi kwa pamoja mzigo wake ukishauzwa Lubumbashi, kisha hapati kitu mpaka mzigo mwingine, angeona kodi ya mwaka ni salama yake: analipa akiwa nayo. Kodi ya kila mwezi ingemkuta mikono mitupu. Karani wa Dar es Salaam anayepanda basi la mwendokasi kila alfajiri hupokea mshahara mwisho wa mwezi, na kumdai miezi sita ni kumsukuma kwa mkopeshaji. Desturi ikitoka kwa watu wake ikawavaa wengine, inaumiza, ingawa haikuwa mbaya kwao walioianzisha.

Uingereza imeongeza jambo moja ambalo desturi zetu zote tatu hazina. Tangu 2007 dhamana ya mpangaji lazima ilindwe na mpango ulioidhinishwa na serikali, na tangu 2019, kwa kodi za kawaida, haizidi kodi ya majuma matano. Kikomo cha Kongo kwenye karatasi hakipishani sana na hicho cha Uingereza kwa nia. Kinachopishana ni nani anailinda pesa. Mgeni wa Kisale alijua zamani kwamba makubaliano yanahitaji mtu wa tatu, ndiyo maana alikwenda kwa chifu pamoja na mwenyeji wake. Wabunge wa Kinshasa, Dodoma na Nairobi wamwachie mpangaji achague kulipa kwa mwezi au kwa msimu kulingana na kazi yake, na dhamana yake waiweke mikononi mwa mtu ambaye si mpangaji wala si mwenye nyumba.