Vifuko vya seli na sumu ya pepopunda

Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna vifuko vidogo mno vilivyozungukwa na utando laini. Kazi yake ni kuhifadhi na kusafirisha mizigo. Seli za kongosho, kwa mfano, huweka insulini ndani ya vifuko. Sukari ikipanda kwenye damu, vifuko husogea hadi ukingoni mwa seli, utando wake huungana na utando wa seli, na insulini humwagika nje.

Kifuko hujuaje mahali pa kushusha mzigo? Juu yake kuna protini zinazoshikana na protini za mahali kinapokwenda, mfano wa zipu inavyojifunga. Kwa kueleza usafirishaji huu, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2013.

Tunaeleza haya kwa sababu ya pepopunda. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na huingia kwa jeraha la jembe, msumari au mwiba, au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu. Sumu yake hupita kwenye mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo. Huko huikata protini ya vifuko vyenye kemikali ya kutuliza misuli. Vifuko hubaki vimejaa bila kuweza kumwaga. Misuli hupata amri ya kukaza, isipate ya kulegea: taya hufunga, shingo hukakamaa, mgongo hupinda.

Hospitalini kuna dawa ya kuzuia sumu, lakini haiwezi kuitoa ile iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo maana tunasisitiza kinga. Watoto wamalize chanjo zao, na mama mjamzito achanjwe, kwani kinga yake humfikia mtoto tumboni. Aliyewahi kuugua naye achanjwe, maana ugonjwa huu hauachi kinga mwilini.

Ukijeruhiwa, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya hata kama ni kidogo. Kitovu cha mtoto kisipakwe kinyesi cha ng'ombe, udongo wala majivu.