Tezi dume: kwa nini tiba ya joto haiwafai wote sawasawa

Baba wengi katika makanisa yetu wanaamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, na wanaficha kwa haya. Mara nyingi sababu ni tezi dume, ambayo hospitalini kwetu huitwa prostati. Mtu akizeeka tezi hiyo hukua na kubana njia ya mkojo. Kukua huko si laana, wala si kansa. Lakini kwa kuwa dalili zaweza kufanana, ni daktari anayepaswa kupima.

Katika Ulaya na Marekani, moja ya tiba zake ni joto. Daktari anapitisha mpira mwembamba katika njia ya mkojo, ukiwa na antena ndogo inayotoa mawimbi ya mikrowevu. Tezi ikipita digrii 45 kwa muda wa kutosha, sehemu ya nyama yake inakufa, na mwili unaiondoa polepole. Nafuu huja baada ya majuma kadhaa.

Lakini wawili wakipewa joto lile lile, mmoja anaweza kupona na mwingine asione badiliko. Sababu moja kubwa ni damu. Chuma cha moto kikitiwa katika ndoo, maji yanapata moto. Kikitiwa mtoni, maji yanabeba moto wake mbali. Ndivyo damu inavyofanya: tezi yenye damu nyingi inapozwa upesi, na yenye damu kidogo inaiva upesi. Tena mwendo wa damu hubadilika wakati wa tiba yenyewe.

Kwa hiyo madaktari wa Uswidi walianza kupima joto ndani ya tezi na kuongeza au kupunguza nguvu kwa kila mgonjwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, baada ya miezi 12, matokeo yalikaribia yale ya upasuaji. Wengine hudunga kwanza dawa ya ganzi yenye adrenalini. Mishipa hujibana, na joto kidogo linatosha.

Basi, asiyepona asilaumiwe. Na asijaribu kujitibu kwa maji ya moto: joto la kuoga halifiki kiasi hicho. Baba anayepata shida ya kukojoa aende kupimwa. Na mkojo ukikatika kabisa, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.