Zaidi ya Mtumbwi: Wahandisi wa Jeshi la Majini la Buganda katika Karne ya 19

Historia ya vyombo vya kijeshi katika Ziwa Viktoria, au Nalubaale kama Waganda waliitavyo, husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na meli za mvuke za Waingereza. Makala haya yanajenga hoja kwamba Buganda ilikuwa na wahandisi wake wa majini kabla ya meli hizo, na kwamba kazi yao imefichwa, kwa sehemu, na neno moja: mtumbwi.

Katika Kiswahili, mtumbwi ni chombo kilichochongwa katika gogo moja. Chombo kikubwa cha Kabaka, eryato kwa Kiluganda, hakikuwa hivyo. Mkuku wake ulichongwa katika mti mmoja mrefu. Mbao zikapachikwa kila upande na kushonwa kwa nyuzi za mimea. Nyufa zikazibwa, kisha ubavu ukapakwa udongo mwekundu. Kwa muundo, chombo hicho kinakaribiana zaidi na mtepe wa Lamu, ambao nao ulishonwa bila misumari, kuliko mtumbwi wa mvuvi.

Waundaji mashuhuri walikuwa watu wa visiwa vya Sese. Usimamizi wa vyombo ulikuwa chini ya Gabunga, cheo kilichoshikwa na ukoo wa Mmamba. Kazi ya fundi haikuisha siku chombo kiliposhushwa majini. Nyuzi huoza na mshono hulegea. Chombo kisichoshonwa upya hakiwezi kubeba askari wala pembe za ndovu hadi mwambao wa kusini. Hivyo, katika enzi za Suna II na Mutesa I, nguvu ya Buganda ziwani ilitegemea mafundi wa kisiwani kama ilivyotegemea wapiganaji.

Vita vya mwaka 1875 dhidi ya Buvuma vinadhihirisha jambo hili. Henry Morton Stanley, aliyekuwapo, aliandika kwamba Mutesa alikuwa na vyombo 230 vilivyofaa kwa vita. Wavuma, wapiganaji hodari wa majini, hawakushindwa kwa wingi huo. Ndipo vyombo vitatu vikubwa vilipounganishwa ubavu kwa ubavu, vikazungushiwa boma la miti na kupakiwa watu zaidi ya 200, vikasogezwa kuelekea kisiwa cha adui. Kwa maelezo ya Stanley, Wavuma wakakubali amani. Ngome hiyo hukumbukwa kama ubunifu wa Stanley. Hata hivyo, vyombo vilivyoibeba vilikuwa vya Kabaka, na mikono iliyofunga miti ilikuwa ya watu wake.

Mapigo mawili yaliudhoofisha ujuzi huu. Mwaka 1900 meli ya William Mackinnon, iliyotengenezwa Scotland na kuletwa vipande vipande, ilishushwa majini Kisumu baada ya kuunganishwa. Wakati huohuo ugonjwa wa malale ulienea mwambaoni, na kufikia mwishoni mwa muongo huo serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha wakazi wa Sese. Fundi aliyehamishwa mbali na maji alipoteza karakana, miti na wanagenzi kwa pamoja.

Suala hili lina uzito wa kisera. Kiswahili ni lugha ya jeshi nchini Uganda tangu enzi za King's African Rifles, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Msamiati wa uundaji wa vyombo, kama vile mkuku, taruma, omo na tezi, umetoka pwani. Istilahi za ziwani zisipokusanywa kutoka kwa wazee na waundaji wa Kalangala na kuingizwa katika kamusi, Kiswahili rasmi kitaendelea kuviita mitumbwi vyombo ambavyo havikuwa mitumbwi, na waliovibuni wataendelea kukosa jina la wahandisi.