Kiasi cha Bunduki

Kiasi cha bunduki, ambacho wengi hukiita risasi na watu wa Kongo ya mashariki masasi, kina sehemu nne zinazoingia bundukini kwa pamoja: ganda la shaba iliyochanganywa na zinki, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Fataki ikigongwa huwasha baruti. Gesi hukisukuma kichwa mtutuni, nalo ganda hutanuka na kuziba nyuma ili moto usimrudie mpigaji.

Gobore halina kiasi cha namna hii. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, ikashindiliwa, kisha ikafuata gololi. Bunduki nyingi za watu wa mfanyabiashara Tippu Tip huko Kasongo na Kabambare, Kongo ya mashariki, zilikuwa za aina hiyo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliitia tofauti hiyo katika sheria: barani Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, magobore ya gumegume yaliweza kuuzwa, lakini bunduki za kisasa na viasi vyake vilizuiwa, isipokuwa kwa serikali na wachache wenye kibali. Jeshi la Dola Huru ya Kongo, lililoiteka Kasongo Aprili 1893 na Kabambare mwanzoni mwa 1894, lilikuwa na bunduki za Albini, zinazopakiwa viasi kwa nyuma.

Waliokibuni kiasi walitoka katika fani mbalimbali. Jean Samuel Pauly, fundi bunduki Mswisi, alisajili chake Paris mwaka 1812. Edward Boxer, afisa wa mizinga wa Uingereza, na Hiram Berdan, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kanali vitani, walibuni mwaka 1866 aina mbili za fataki zinazotumika hadi leo. Mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884. Kazi ya wote ilikuwa kupima: uzito wa baruti, unene wa ganda, nguvu ya gesi.

Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana tatu: madini, kichwa, na kiasi kizima. Mazungumzo huvumilia utata huo. Ripoti ya daktari au ya mahakama haiuvumilii. Kiasi, neno la tangu zamani lenye maana ya kipimo, hutaja kitu kizima bila utata. Istilahi za kufuatwa ni hizi: kiasi, ganda, fataki, baruti na kichwa.