Dirisha la vioo viwili na usingizi wa mtoto: kupunguza kelele bila kuziba hewa

Mtoto amelala vizuri, nawe umepata usingizi. Jua halijatoka, mashine za boti zinawashwa ufukweni kuwapeleka wageni kuangalia pomboo. Mtoto anashituka, analia, na siku yenu imeshaanza. Mama anayeishi karibu na maji, Kizimkazi Mkunguni au Dimbani, hahitaji kuelezwa asubuhi hii ilivyo.

Ukijenga au ukikarabati nyumba, huenda fundi wa alumini akakushauri uweke madirisha ya vioo viwili. Pengine umeshaweka, umelipa, na bado boti unazisikia. Ukurasa huu unaeleza dirisha hilo linasaidia nini, kwa nini wakati mwingine halisaidii, na mambo mawili ya hatari ambayo muuzaji hatakwambia.

Kelele zinamfanya nini mtoto?

Kwanza zinamkatia usingizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku, na wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, pamoja na usingizi wa mchana. Kwa chumba cha kulala, mwongozo wa WHO wa mwaka 1999 unataka kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30, na mlio wa ghafla usizidi 45. Desibeli 30 ni kama mnong'ono. Mazungumzo ya kawaida hufika karibu 60.

Kinachomshitua zaidi ni sauti inayoanza ghafla, kama honi, pikipiki au mashine inayowashwa. Mawimbi yanayovuma usiku kucha hayamsumbui hivyo.

Kwa watoto wakubwa, kelele za miaka mingi hugusa masomo. Mji wa Munich, Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa zamani wa ndege mwaka 1992 na kufungua mpya mahali pengine. Watafiti waliwapima watoto wa pande zote mbili. Waliohamiwa na ndege walirudi nyuma katika kusoma na kukumbuka, na walioondokewa na ndege wakapata nafuu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mtoto atazoea tu.

Vioo viwili vinafanya kazi vipi?

Ni vioo viwili ndani ya fremu moja, katikati pana hewa iliyofungiwa. Vilibuniwa hasa kwa nchi za baridi, ili joto lisitoke nyumbani. Kuzuia kelele ni faida ya pili, na si kila dirisha la aina hii linaitoa sawasawa. Vioo viwili vyembamba vya unene mmoja, vilivyokaribiana sana, havizidi kwa mengi kioo kimoja kizito. Kama lengo lako ni kelele, muulize fundi vioo vyenye unene tofauti, kwa mfano milimita 6 na 4, au kioo chenye utando wa plastiki katikati kama kile cha mbele ya gari.

Lakini kioo si tatizo kubwa la nyumba zetu. Tatizo ni matundu, kwa sababu hewa ikipita, sauti nayo inapita. Chukua ukuta wa mita za mraba 10. Ukiwa na tundu la sentimita 32 kwa 32 tu, ambalo ni sehemu moja ya mia ya ukuta huo, ukuta hautaweza kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, hata uweke kioo cha bei gani. Sasa tazama juu ya dirisha lako. Yale matofali ya matundu ya kupitishia hewa yanafika ukubwa huo bila shida. Tazama pia uwazi chini ya mlango, na pale bati linapokutana na ukuta. Mvua ya masika ikipiga bati lisilo na dari, dirisha halihusiki kabisa.

Likaguliwe kabla fundi hajamaliziwa pesa yake. Usiku, zima taa, mtu asimame nje na tochi aimulike fremu pande zote. Mwanga ukipenya, sauti nayo inapenya. Kisha bana kipande cha karatasi kwenye dirisha, ulifunge, uvute. Karatasi ikitoka kirahisi, mpira haujabana. Hewa ya chumvi huku pwani hula bawaba na kufuli upesi, kwa hiyo rudia ukaguzi huu kila mwaka. Ukiona ukungu katikati ya vioo ambao haufutiki ndani wala nje, hewa iliyofungiwa imeshavuja.

Mngurumo mzito ni kesi nyingine. Besi ya muziki na jenereta hupita hata kwenye vioo viwili. Siku za Tamasha la Kizimkazi, mwezi wa Agosti, kama nyumba yenu iko jirani na spika, afadhali mtoto akalale kwa bibi yake kuliko kutegemea dirisha.

Joto: hatari ya kwanza

Dirisha linazuia kelele likifungwa tu, na likifungwa, upepo nao umekatika. Miezi ya kusi hilo linavumilika. Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, chumba kilichofungwa bila feni wala kiyoyozi kinakuwa tanuri, na mtoto mchanga hawezi kujipoza kama wewe.

Mguse kifuani au kisogoni. Mikono na miguu haikupi jibu la kweli. Akiwa wa moto, nywele zimelowa jasho, anahema haraka au amelegea, fungua dirisha mara moja, mpunguzie nguo na mnyonyeshe. Aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama mara nyingi zaidi, si maji. Akiendelea kulegea, akikataa kunyonya, au mtoto wa chini ya miezi 2 akifika nyuzi 37.5, mpeleke kituo cha afya au Hospitali ya Makunduchi bila kusubiri asubuhi.

Njia inayofaa wengi ni kufunga kwa saa za kelele tu: alfajiri boti zinapoondoka, kisha kufungua. Hakikisha dirisha jipya lina wavu wa mbu, na chandarua kibaki kitandani. Dirisha la ghorofani liwekewe kizuizi, maana watoto hupanda.

Makaa: hatari ya pili

Hili tunaliandika kwa sababu ya arubaini. Mzazi akiwekewa jiko la makaa chumbani, au chetezo cha udi kikiachwa kinafuka, nyumba ya zamani ilikuwa na matundu ya kuisaidia. Chumba chenye vioo viwili na mipira iliyobana hakina. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo moto wa aina yoyote usilale ndani ya chumba kilichofungwa, wala jenereta isiwekwe chini ya dirisha au barazani. Kichwa kikiwauma wote kwa pamoja, mkaona kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje kwanza, mtoto akiwa mkononi, halafu muende hospitali.

Kabla ya kutoa pesa

Hamisha kitanda cha mtoto kwenye chumba cha upande wa pili, usioelekea barabara wala ufukwe. Hii haigharimu kitu na mara nyingi inashinda kioo. Jenereta ya jirani ikisogezwa mbali mara mbili ya ilipo, kelele hupungua karibu desibeli 6. Zungumza naye kwanza. Ikishindikana, nenda kwa sheha, na baada yake Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA). Pazia la kanga halizuii sauti, ila lizibe jua. Sauti ya feni husaidia kufunika milio midogo. Ukitumia simu kupiga sauti ya mvua, iweke chini, mita 2 kutoka kwa mtoto.

Kama unaishi Mji Mkongwe, usibadilishe dirisha la mbao kabla ya kuomba kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Na kama mwanao hashituki hata boti zote zikiwashwa kwa pamoja, usifurahi upesi. Mtoto wa miezi 3 ambaye hashtushwi na mlio mkubwa akiwa macho, au wa miezi 6 asiyegeukia sauti yako, apimwe masikio. Waeleze kituo cha afya siku ya kliniki, nao watakuelekeza pa kwenda.