Vijumba Vilivyofundisha Watu Wazima

Mtu mzima akisikia habari za kijumba cha mwanasesere hucheka na kusema, "Hayo ni mambo ya watoto." Wala hatumlaumu, maana kila mahali watoto hujenga vijumba vya udongo na vijiti, wakapika mchanga katika vifuu vya nazi, wakacheza baba na mama mpaka jua litue. Lakini tukizifuata habari za vijumba hivi tangu zamani, twaona jambo la ajabu: vilivyo bora kupita vyote havikufanywa kwa ajili ya watoto hata kidogo. Vilifanywa na watu wazima, kwa fedha nyingi na kwa kazi ya miaka, kila mmoja na kusudi lake. Wako waliovitaka kwa kujisifu, wako waliovitaka kwa kufundisha, na yuko mwanamke mmoja wa Marekani aliyevitaka kwa ajili ya haki ya watu waliokufa. Hao twataka kuwaeleza kwa kufuatana, ili msomaji apime mwenyewe kama kazi yao ilikuwa ya upuuzi au ya maana.

Twaanza katika nchi ya Misri. Mwaka wa 1920 wachimbaji wa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, wakiongozwa na Herbert Winlock, walikuwa wakilisafisha kaburi la mtu mkuu aitwaye Meketre, karibu na mji wa kale wa Thebes. Kaburi lenyewe lilikwisha kuibiwa zamani sana, ila chumba kimoja kidogo kilichofichwa chini ya sakafu hakikuguswa. Ndani yake walikuta mifano ya mbao ipatayo 24, iliyowekwa humo karibu miaka 2000 kabla ya kuzaliwa Kristo. Palikuwa na ghala ya nafaka, na waandishi wameketi wakihesabu vipimo. Palikuwa na zizi la ng'ombe wanaoneneshwa, mahali pa kuoka mikate, kiwanda cha maseremala, mashua, na bustani yenye miti na birika iliyotandikwa shaba. Wamisri wa siku zile waliamini kwamba vitu hivyo vitamtumikia marehemu huko alikokwenda. Basi hawakuvifanya kwa mchezo. Lakini sisi twavitazama kwa faida nyingine: vyatuonyesha jinsi mwokaji alivyosimama kazini na jinsi seremala alivyoshika msumeno, mambo ambayo wafalme hawakuyaandika juu ya kuta zao. Nusu ya mifano ile ilibaki Cairo, na nusu ilipelekwa New York.

Bara Ulaya, kijumba cha kwanza ambacho habari zake zimeandikwa vizuri ni kile cha Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria katika Ujerumani. Alikiagiza katika mwaka wa 1557 au 1558. Kilikuwa na orofa nne, na ndani yake mlikuwa na zizi, jiko, ukumbi wa kuchezea ngoma na vyumba vya kulala. Mtawala huyu hakumpa mtoto akichezee; alikiweka pamoja na hazina zake nyingine mjini Munich, wageni wakaja kukistaajabia. Mwaka wa 1598 mwandishi mmoja aliviorodhesha vitu vyote vilivyomo, naye alifanya vema, kwa kuwa mwaka wa 1674 moto uliwaka katika jumba la wafalme, na kijumba kikateketea. Leo twakijua kwa orodha ile tu.

Katika mji wa Nuremberg, penye mafundi wengi wa vitu vya kuchezea, palitokea shauri jingine. Mwaka wa 1631 mwanamke aitwaye Anna Köferlin aliwaonyesha watu kijumba alichokijaza vyombo kwa muda mrefu, akapiga chapa karatasi ya kuwaalika watoto waje kukitazama. Yeye hakuona haya kusema kwamba ni shule. Mtoto akitazama jinsi kila chombo kilivyowekwa mahali pake, sufuria na sufuria, shuka na shuka, siku atakapopata nyumba yake mwenyewe atajua kuitunza. Kijumba chake kimepotea, lakini vingine vya mji ule vimeokoka, na kimoja chenye mwaka wa 1639 kingali katika jumba la makumbusho la Nuremberg. Ukikitazama waona jiko lenye vyombo vya bati na shaba vimepangwa mistari juu ya ukuta, kama askari gwarideni.

Uholanzi, matajiri walirudia njia ya fahari. Petronella Oortman, mke wa mfanya biashara wa hariri mjini Amsterdam, alianza kutengeneza kijumba chake karibu na mwaka wa 1686, asiache kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikitia katika kabati kubwa lililopambwa kwa ng'amba na bati. Vikombe vidogo vya kauri viliagizwa kutoka nchi za mashariki ya mbali, vikapu vilisukwa na wasukaji wenyewe, na picha za ukutani zilichorwa na wachoraji wa kweli. Gharama yake yakisiwa kuwa gilda 20,000 mpaka 30,000, na kwa fedha hizo mtu wa siku zile angaliweza kununua nyumba halisi kando ya mfereji wa Amsterdam. Twaweza kuuliza: Je, si ubadhirifu? Yawezekana. Hata hivyo nyumba nyingi kubwa za siku zile zimebomolewa au zimegeuzwa ndani, lakini kijumba cha Petronella kingalipo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, na mtu atakaye kujua Waholanzi wa wakati ule waliangika nguo zao wapi, au walihifadhi moto jinsi gani, aweza kwenda kutazama.

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi kazi hii inavyofanywa, maana asiyejua kazi huidharau. Jambo la kwanza ni kipimo. Mafundi wengi wa karne ya ishirini walishika kipimo cha inchi moja kwa futi moja, yaani kila kitu hupunguzwa mara kumi na mbili. Mlango wa futi 7 huwa wa inchi 7; meza ya kimo cha futi mbili na nusu huwa ya inchi mbili na nusu. Fundi akikosa kipimo katika kiti kimoja tu, chumba kizima huonekana cha uongo, hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Jambo la pili ni kwamba si vitu vyote vinavyokubali kupunguzwa. Mbao waweza kuzikata ndogo, lakini nyuzi za mti hubaki na ukubwa wake. Kwa hiyo fundi huchagua mti wenye nyuzi nyembamba sana. Nguo waweza kuikata ndogo, lakini haianguki kwa mikunjo kama pazia la kweli. Husimama wima kama karatasi, mpaka ishurutishwe. Tone la maji halipungui kamwe. Basi kazi hii ni kushindana na vitu vyenyewe, nayo yataka jicho kali, mkono mtulivu, na subira.

Ufundi huo ulionekana katika Uingereza kati ya miaka 1921 na 1924, kilipojengwa kijumba cha Malkia Mary. Ramani yake ilitolewa na Edwin Lutyens, mchoraji mkuu wa majengo. Maji hupita katika mabomba yake, taa za umeme huwaka, na lifti hupanda na kushuka. Katika maktaba yake vimo vitabu vidogo vyenye maneno yaliyoandikwa kwa mkono na waandishi mashuhuri, mmoja wao Arthur Conan Doyle. Mwaka wa 1924 kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Wembley, wakakitazama watu zaidi ya milioni moja na nusu. Kisha kikawekwa katika ngome ya Windsor.

Marekani, bibi aitwaye Narcissa Thorne wa Chicago hakujenga nyumba nzima, bali chumba kimoja kimoja, kila kimoja katika sanduku lake, mtu achungulie kama dirishani. Alitaka watu waone jinsi vyumba vya Ulaya na vya Marekani vilivyobadilika karne baada ya karne. Ikumbukwe kwamba kazi hii alianza kuionyesha mwaka wa 1932, wakati wa ule upungufu mkuu wa biashara, mafundi hodari walipokuwa wakizurura mitaani bila kazi. Bibi Thorne aliwaajiri maseremala, wachongaji na wadarizi. Leo vyumba vyake 68 vimo katika jumba la sanaa la Chicago, na vingine katika miji ya Phoenix na Knoxville.

Sasa twafika kwa yule tuliyemtaja mwanzo. Frances Glessner alizaliwa Chicago mwaka wa 1878, binti wa tajiri aliyepata mali kwa mashine za kilimo. Kaka yake George alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Yeye hakupelekwa, ijapokuwa alipenda sana elimu ya uganga. Wala chuo cha uganga cha Harvard hakikupokea mwanamke ye yote mpaka mwaka wa 1945. Aliolewa, akaitwa Frances Lee, akazaa watoto watatu, kisha ndoa ikavunjika. Mikono yake haikukaa bure. Mwaka wa 1913 alimfanyia mama yake zawadi ya wapiga muziki 90 wadogo, kila mmoja na chombo chake, mfano wa bendi kubwa ya Chicago.

Rafiki wa kaka yake, Daktari George Magrath wa Boston, alikuwa na kazi ya kuchunguza vifo vya ghafula. Alimweleza Bibi Lee jambo lililomchoma moyo. Katika sehemu nyingi za Marekani, mtu akikutwa amekufa, aliyepewa kazi ya kuamua sababu hakuwa daktari; alikuwa mtu aliyechaguliwa kwa kura tu. Askari nao waliingia chumbani wakakanyaga damu, wakahamisha maiti, wakashika silaha kwa mikono. Kwa hiyo mwuaji alipata kwenda zake, na pengine asiye na hatia alifungwa. Mwaka wa 1931 Bibi Lee aliitoa mali yake kuisaidia Harvard kuanzisha idara ya elimu hiyo. Lakini aliona shida: huwezi kumpeleka mwanafunzi mahali palipouawa mtu kila utakapo. Ndipo alipoukumbuka ufundi wa vijumba.

Katika miaka ya 1940, huko kwake karibu na mji mdogo wa Bethlehem katika jimbo la New Hampshire, alianza kutengeneza vyumba vya mauti, akisaidiwa na seremala Ralph Mosher. Kipimo kilikuwa kile kile, inchi kwa futi. Soksi za maiti alizifuma mwenyewe kwa pini. Kalenda ya ukutani ilionyesha mwezi uliopasa. Katika chumba kimoja, mke amelala sakafuni jikoni mwake. Gesi ya jiko imefunguliwa, na magazeti yamesokotwa katika nyufa za milango. Mtu mwenye haraka husema, "Amejiua." Lakini viazi viko nusu vimemenywa. Je, atakaye kufa huanza kumenya viazi? Bibi Lee hakutoa jibu. Alitaka askari atazame. Aliwafundisha waanze kushoto, wazunguke kama mkono wa saa, mpaka wafike katikati, wasiruke kitu. Wahenga walisema kweli: mdharau mwiba mguu huota tende.

Tena tutazame waliokufa ni nani. Bibi huyu aliyekulia katika jumba la fahari hakuonyesha vifo vya matajiri. Wengi wao ni wake wa watu wa kazi, walevi, wapangaji wa vyumba vya bei nafuu, watu ambao vifo vyao huulizwa nusu saa vikasahauliwa. Naye aliwapa kila mmoja miezi ya kazi ya mikono yake. Mwaka wa 1943 polisi wa New Hampshire walimpa cheo cha kapteni, na toka mwaka wa 1945 askari walikusanyika Harvard kufundishwa mbele ya vijumba vyake. Alifariki mwaka wa 1962. Idara ya Harvard ilipofungwa, vijumba vilipelekwa Baltimore kwa daktari mkuu wa kuchunguza vifo, vikaendelea kufundisha. Mwaka wa 2017 vilionyeshwa kwa watu wote mjini Washington.

Basi twaona kwamba kijumba hakina faida wala hasara kwa udogo wake. Kwa mtawala wa Bavaria kilikuwa fahari, kikaungua. Kwa Anna Köferlin kilikuwa shule. Kwa Bibi Lee kilikuwa baraza ya haki. Tofauti iko katika moyo wa fundi, na katika uaminifu wa kipimo chake.

Nasi tunaofundisha watoto twaweza kujifunza neno hapa. Katika vijiji vingi nyumba za msonge na tembe zapungua, na wazee wajuao kuzijenga wanakwisha. Shule haihitaji fedha ya Petronella. Udongo upo, fito zipo, nyasi zipo, na rula ya mwanafunzi ina inchi. Watoto na wamwendee mzee mmoja, wapime nyumba yake futi kwa futi, wamwulize jina la kila boriti na kila kamba, kisha waijenge inchi kwa inchi. Siku nyumba ya mzee itakapoanguka, majina yale hayatakuwa yameanguka pamoja nayo.