Mwalimu iko ndani ya mashini

Bandugu, bengi munaniulizaka: «Linux nitajifunzia wapi? Mega sina.» Mimi nilisoma agronomi, si informatiki. Niliingia mu Linux juu ya hesabu za mahindi za kazi yangu ya kumaliza licence, kwa sababu ordinatere yangu ya zamani ilikuwa inakwama kila wiki. Nilimaliza mega za mwezi muzima mu video, na sikujua hata komandi moja vizuri. Kumbe kitabu kilikuwa ndani ya mashini tangu siku ya kwanza. Kilifikaje mule?

Unix ilizaliwa 1969 mu Bell Labs, kule Marekani. Mu 1971 Doug McIlroy, mukubwa wa kazi, aliwasukuma Ken Thompson na Dennis Ritchie waandike namna ya kutumikisha kila komandi. Kitabu cha kwanza kilitoka Novemba ya mwaka ule. Toka pale ikakuwa desturi: programu na maelezo yake vinatembea pamoja. Njo maana leo ukiandika «man ls» mu terminali, jibu linatoka bila intaneti.

Linux yenyewe ilitoka mu kitabu. Mu 1987 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, aliandika juu ya Minix, mfumo mudogo wa kufundishia. Mwanafunzi mumoja wa Helsinki, Linus Torvalds, akakisoma; mu 1991, akiwa na miaka 21, akatoa Linux.

Na Kiswahili? Mu 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Kazi kubwa ile. Lakini mambo ya terminali tungali tunayasoma mu Kifaransa ao Kiingereza.

Basi, kama uko na Debian ao Ubuntu, tafuta koneksio mara moja tu, uweke «manpages-fr». Ukisahau jina la komandi, andika «man -k» na neno unalotafuta. Kisha chukua kitabu cha Raphaël Hertzog na Roland Mas juu ya Debian: kiko mu Kifaransa, ni cha bure. Pitisha kwa benzako na kle USB.

Na ukishajua komandi moja, andika nusu ukurasa wake mu Kiswahili chetu. Wale ba 1971 nao walianza na ukurasa moja.